Kidole cha Serikali

Sheria ya nchi yetu hairuhusu mtu kulitaja jina la nchi akiwa amekaa. Ni lazima usimame, ukaze miguu, uweke mkono kifuani, ndipo ulitaje. Sasa mimi ninaandika nikiwa nimekaa, na goti langu la kulia lina mambo yake, kwa hiyo msomaji aniwie radhi nikiiita nchi yetu Nchi tu, na yeye huko aliko akae kwa amani.

Mimi ni Mwalimu Onesmo Litunu, mwalimu wa historia wa Shule ya Sekondari Kilima Tambarare. Pia, na hili ndilo lililonifanya nifahamike mpaka stendi ya mabasi, mimi ni Mgusaji wa Shule. Wapo waliojaliwa sauti ya kuimba, wapo waliojaliwa miguu ya mpira. Mimi nimejaliwa kidole.

Mambo yalianza pale Waziri wa Elimu na Kumbukumbu Njema, Mheshimiwa Balthazari Ngurumwa, aliporudi kutoka safari ya nje. Huko ng'ambo alikuwa ameonyeshwa shule yenye skrini kubwa ya kugusa ukutani. Unaigusa, inakuletea historia ya shule: walimu wa zamani, vikombe vya mpira, na vitabu vyote vya mwaka, vile vyenye picha ya kila darasa lililomaliza. Ukimgusa mwanafunzi anakua, anasimama mbele yako mtazamane. Mheshimiwa aliitisha waandishi wa habari palepale uwanja wa ndege, kabla hata begi lake halijatoka.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa muda mrefu historia yetu imekaa kimya kabatini. Ukiiuliza, haijibu. Serikali yenu sikivu imeamua kwamba kuanzia sasa historia itaguswa, na ikiguswa itajibu, na itajibu vizuri!"

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, nikiwa nyumbani mbele ya redio, peke yangu.

Skrini yetu ililetwa ndani ya boksi lililokuwa kubwa kuliko ofisi ya Mkuu wa Shule. Ilikuwa ndefu kunizidi, nyeusi, inang'aa, na ilipowashwa ukumbini iliandika kwa herufi kubwa: GUSA HAPA KUANZA. Mkuu wa Shule, Mwalimu Gaudensi Kihwelu, akarudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Asiguse mtu!" alisema.

Nchi yetu inajua kutunza vitu. Kochi jipya linakaa ndani ya nailoni yake mpaka watoto wa nyumba waoe. Rimoti inavalishwa mfuko kabla haijajifunza kazi. Kwa hiyo nailoni ya skrini haikubanduliwa. Mke wa Mkuu wa Shule akaleta kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya pinki, akakitandika juu yake, maana kitu cha thamani hakikai uchi mbele za watu. Kisha fundi akaitwa, akachomelea wavu wa nondo kuizunguka yote, wenye mlango na kufuli. Baada ya hapo tulisimama nje ya wavu tukaitazama skrini yetu ya kugusa, na kila mmoja wetu akajisikia salama.

Bodi ya Shule ilikaa kujadili nani aguse. Wanafunzi walikataliwa kwa sababu mikono yao ina ubuyu. Wazazi walikataliwa kwa sababu ni wengi. Walimu walikataliwa kwa sababu ambayo mwenyekiti alisema haifai kuandikwa. Mwishoni ikaamuliwa kwamba skrini iguswe na mtu mmoja tu aliyepata mafunzo, kwa niaba ya wengine wote. Kwa kuwa Nchi nzima inaendeshwa hivyo, hakuna aliyeona ajabu.

Nilichaguliwa mimi. Mkuu wa Shule alieleza kwamba historia ni somo lisilo na maabara, kwa hiyo mikono ya Mwalimu Litunu haina kazi maalumu. Niliona ni sifa, nikamshukuru.

Nilipelekwa mjini kwenye Semina Elekezi ya Kidole. Tulifundishwa kugusa kwa heshima, kutelezesha kwa uzalendo, na kukuza bila tamaa. Mkufunzi alituonya kwamba skrini isipoguswa kwa kitambo kidogo inalala na picha inapotea, "kama mtumishi yeyote asiyesimamiwa." Tukacheka sana, halafu tukatazamana, tukaacha kucheka. Nilirudi na cheti chenye picha yangu nikitabasamu, na glavu ya sufu ya mkono wa kulia, ambayo niliivaa hata jua likiwa linawaka utosini.

Siku hiyohiyo mke wangu aliniomba nimsaidie kumenya vitunguu. Nikamweleza kwa upole kwamba kidole hiki sasa ni cha serikali, na kidole cha serikali hakimenyi vitunguu.

"Sawa baba," alisema. "Basi na tumbo la serikali lisubiri chakula cha serikali."

Nilishinda njaa, lakini kwa fahari.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga picha kurasa za vitabu vya mwaka na kuziingiza kwenye skrini. Nilikuwa katika kazi hiyo ofisini, skrini ikiwa bado haijazinduliwa, mama mmoja mtu mzima alipobisha hodi.

"Karibu, Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia mna kioo kinachoonyesha watu wa zamani."

Alikaa, akaweka mkono mezani, na bangili ya shaba ikagonga ubao. Alisema anaitwa Sikudhani Mpalule, anatoka ng'ambo ya mto, na dada yake, Somoe, alimaliza shule hapa mwaka wa nzige.

"Yuko wapi siku hizi?" niliuliza.

"Alikufa mwaka uleule, kwa homa. Mimi nilikuwa bado nasukwa nywele. Halafu nyumba ikaungua, hatukubaki na picha hata moja." Alizungusha bangili. "Hii ilikuwa yake. Siku ya picha ya shule walimwambia aivue, akagoma. Alikuwa mbishi huyo! Na mrefu, mpaka wavulana walimwita Mlingoti. Sauti yake ninayo mpaka leo. Alivyokuwa akinivuta nywele mpaka nalia, ninakumbuka. Ila uso umeniponyoka, Mwalimu. Kila nikiutafuta napata uso wa mama yetu, au wangu mwenyewe. Na macho haya yanaingia ukungu, daktari anasema ni mtoto wa jicho. Nataka nimwone mara moja, kabla hayajafunga."

Kitabu cha mwaka wa nzige kilikuwa kabatini nyuma yangu. Nilikuwa nimekiegemea. Kukitoa kungechukua muda mfupi kuliko ule aliotumia yeye kukaa. Lakini msomaji anielewe: Mgusaji akianza kufungua makabati na kuwaonyesha watu karatasi, skrini itakuwa ya nini, na Mgusaji atakuwa wa nini?

"Mama," nilimwambia, "ya nini uhangaike na kipicha cha rangi ya moshi, uso mdogo kuliko ukucha? Subiri uzinduzi. Utamwona mkubwa, anang'aa. Nitakugusia mimi mwenyewe."

"Utanifanyia hivyo kweli, mwanangu?"

"Kwa kidole hiki," nilisema, na nikavua glavu ili akione.

Alikitazama kwa adabu. "Mungu akitunze," alisema, akaaga.

Uzinduzi ukaahirishwa, kwa kuwa Mheshimiwa Waziri alikuwa anazindua kisima. Ukaahirishwa tena, kwa kuwa alikuwa anazindua upya kisima kilekile, ambacho safari hii kilikuwa na maji. Kila tarehe iliyotangazwa Bi Sikudhani alivuka mto akaja, na kila alipokuja aliushika ukuta zaidi kuliko mara iliyopita. Nami kila mara nilimpa kiti na maneno mazuri. Nina maneno mazuri mengi, ndiyo faida ya kufundisha historia.

Kisha ukaja Waraka wa Itifaki. Inasemekana katika shule moja ya jirani Mkuu wa Mkoa aligusiwa picha ya zamani, na kwenye kiti cha katikati akatokea bwana mmoja ambaye baadaye alifukuzwa chama, kisha akafukuzwa Nchi. Mkuu wa Mkoa alikaribia kuzirai. Wizara ikaagiza kwamba katika picha zote za kihistoria viti vya mbele vikaliwe na viongozi waliopo madarakani, kwa kuwa haipendezi kiongozi kufika akakuta historia imeanza bila yeye.

Niliifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Nilichukua nyuso kwenye kalenda ya serikali, nikazibandika kwa kompyuta. Waziri nilimkalisha katikati ya kila mwaka. Mkuu wa Mkoa kulia, Mkuu wa Wilaya kushoto, na Mkuu wetu wa Shule akaomba awe karibu na Waziri, akibadilishiwa tai kila mwaka ili isionekane kwamba ana moja. Katika picha ya kwanza kabisa ya shule viongozi walikuwa wengi kiasi kwamba mwanzilishi wa shule alibaki sikio. Majina ya wanafunzi yaliyokuwa chini ya picha niliyafuta ili vyeo vipate nafasi.

Nilipokuwa namalizia, niliona kuna mtu mmoja amesahauliwa. Picha hizi nani kaziingiza? Nani atazigusa? Mimi si mtu wa makuu, sikutaka kiti. Nilijitafutia tu kanafasi mstari wa nyuma, pembeni kabisa, pasipo na usumbufu kwa mtu. Kila mwaka nikapata kamoja. Katika mwaka wa nzige nilikuta pembeni kuna mtu mrefu, na kwa kuwa nami ni mrefu, kichwa changu kilikaa bila taabu. Sikumtazama ni nani. Nilikuwa natazama vipimo.

Kompyuta iliniuliza: UNA UHAKIKA? Katika Nchi yetu swali hilo lina jibu moja. Nikabonyeza ndiyo, na picha za zamani zikafutika, mpya zikakaa.

Wiki iliyofuata tukafanya Siku ya Kuaga Karatasi, kama ilivyoagizwa, maana shule haiwezi kuwa na historia mbili. Mkuu wa Shule aliishukuru karatasi kwa utumishi wake uliotukuka. Kwaya ikaimba. Ufunguo wa kabati ulikuwa wangu, kwa hiyo vitabu vya mwaka nilivibeba mimi, kwa mkono wa kushoto ili glavu isichafuke, nikavitupa motoni. Nilikumbuka ahadi yangu kwa Bi Sikudhani, na nikajisemea kwamba sasa hana wasiwasi, dada yake yuko salama ndani ya skrini.

Siku ya uzinduzi ilifika kweli. Maturubai yalifungwa, sufuria za pilau zikapangwa nyuma ya maabara, na Mheshimiwa Waziri akaja akiwa amechelewa kwa kiwango kinacholingana na cheo chake. Bi Sikudhani alikaa mstari wa mwisho, amevaa kanga mpya. Kwenye ratiba nilikuwa nimemwombea kipengele: Mwananchi wa Kawaida Kugusiwa.

Kufuli likafunguliwa. Kitambaa cha kufuma kikasogezwa kidogo. Mheshimiwa alihutubia juu ya kugusa, akagusia maadui wanaogusa visivyowahusu, kisha akanyoosha kidole na kuigusa historia kupitia kwenye nailoni. Ikajibu. Akajiona amekaa kiti cha katikati, katika mwaka ambao mama yake mzazi alikuwa bado msichana asiyeolewa. Akaitazama picha kwa muda. Machozi yakamlengalenga.

"Siku hii naikumbuka," alisema kwa sauti ya chini. "Palikuwa na jua kali."

Ukumbi mzima ukasimama kumshangilia. Kwa kuwa muda ulikuwa umekwenda na pilau linapoa, kipengele cha Mwananchi wa Kawaida kikaondolewa. Wageni wakaelekea kwenye maturubai kula.

Ukumbi ulibaki na mimi, viti, na Bi Sikudhani, aliyekuja taratibu akishika kiti kimoja hadi kingine.

"Sasa, mwanangu?"

"Sasa, Mama."

Nilivua glavu, nikagusa mwaka wa nzige. Picha ikajaa skrini, viongozi wanang'aa mbele, wote wanatabasamu. Bi Sikudhani alisogea mpaka pua yake ikakaribia nailoni.

"Hawa wa mbele ndio walimu?"

"Ni... uongozi, Mama."

"Walikuwa wanene," alisema kwa mshangao. "Na njaa ile."

Alipandisha kidole mstari kwa mstari bila kugusa, kama alivyokatazwa na tangazo la kwenye wavu. Mstari wa pili. Wa tatu. Wa nyuma. Alikwenda mpaka mwisho, kwa mtu mrefu wa pembeni, lakini hakuangalia juu. Alikuwa anaangalia mikono ya huyo mtu.

"Huyu hapa! Bangili hii hapa, Mwalimu, hakuivua! Somoe! Mguse, mwanangu, mguse akue!"

Nilitamani umeme ukatike, na umeme wa Nchi, ambao hukatika watu wakiwa wanatazama mpira, siku hiyo ulitulia. Nikagusa.

Mtu akakua, akajaa skrini kutoka kichwani mpaka magotini. Alikuwa mimi, kwa picha ileile ya cheti, natabasamu. Bi Sikudhani alitazama. Akanigeukia. Akarudi kutazama. Kwa kitambo kifupi nilitumaini kwamba ukungu wa macho yake ulikuwa umeshakuwa mzito vya kutosha. Ndiyo, nilitumaini hivyo, na sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia pale.

"Mwalimu," alisema polepole, "mbona umevaa gauni la dada yangu?"

Nikatazama. Kichwa changu, na upara wake na masharubu yake, kilikuwa kimekaa juu ya kola nyeupe ya gauni la shule lililopigwa pasi vizuri. Sikuwa nimeliona. Nilikuwa natazama vipimo.

"Uso wake uko wapi?"

"Nimeufuta, Mama."

"Na kile kitabu?"

"Tulikichoma."

Nikakimbilia ujuzi wangu: nikagusa uso ili utoke. Ukakua. Nikagusa tena, ukakua zaidi, tabasamu langu likaenea kutoka ukingo mmoja wa skrini mpaka mwingine. Semina haikuwa imefundisha kutoka. Nilitelezesha vidole vyote, cha serikali na vyangu binafsi, mpaka picha ikarudi ilivyokuwa, kichwani mpaka magotini.

"Basi," alisema Bi Sikudhani. "Usiguse tena hapo."

Aliinua mkono, akakishika kitambaa cha kufuma kule juu, akakivuta chini polepole. Akakipanga vizuri kikafunika upara, masharubu na tabasamu, kikaishia kwenye kola. Maua ya pinki yakakaa mahali pangu. Chini yake akabaki msichana mrefu, mabega yamenyooka, mikono imepishana mbele, bangili ikionekana wazi kwa makusudi.

Alitazama kwa muda, kisha mwanga ukaanza kufifia.

"Kinazimika!" alisema kwa hofu.

"Isipoguswa inalala, Mama."

"Basi iguse pale chini kwenye majani. Pasipo na mtu."

Nikainama, goti langu likalia, nikagusa majani pembeni ya gauni. Mwanga ukarudi.

"Hiki kidole chake," alisema, amesogea karibu tena. "Kilipindwa na mchi, hakikunyooka tena. Nilikuwa nimesahau! Ndicho kilichokuwa kinanivuta nywele." Akacheka kidogo, na machozi yakawa yanamtoka huku anacheka. "Mikono ni yake kabisa, Mwalimu. Mikono mmeniachia."

Nilitaka kusema samahani, na lile neno, katika maneno yangu yote mazuri, halikutoka.

"Mgusaji!" Mkuu wa Shule aliita kutoka kwenye turubai. "Njoo huku! Mheshimiwa anataka kupiga picha na wewe! Na nyama zinaisha!"

Mwanga ukaanza kufifia tena.

"Bado, mwanangu," alisema Bi Sikudhani.

Nikagusa majani.